Karabai ya Ngumbaru na Kamati ya Uchagulikaji

Kulisikika mlio mdogo wa chuma gizani, kii, kisha kimya. Niliutambua kama ninavyotambua pumzi za mwanangu: ulikuwa mkono wa karabai ukitolewa kwenye msumari wake kando ya mlango. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Idman, binti yangu wa miaka mitano, akageuka mkekani, akaniita mama kwa lugha yetu.

"Hooyo, kuna mtu."

"Si mtu," ikajibu sauti kutoka nje. "Ni mwenyekiti."

Hivyo ndivyo ilivyozinduliwa rasmi, mwezi wa Mei mwaka wa 1997, Kamati Maalum ya Kuchunguza Uchagulikaji wa Wanaowania Urais, Tawi la Griftu na Viunga Vyake. Nilishuhudia uzinduzi huo mwenyewe. Nilikuwa nimelala, lakini nilikuwepo.

Mzinduzi alikuwa Mzee Dubow, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye mimi humwita adeer, kama tunavyowaita baba wadogo, na Idman humwita awoowe, yaani babu. Yeye ni dalali wa ngamia katika soko letu, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la Chama cha Ustawi, alama ya ndoo. Kwa heshima hakuingia nyumbani kwangu saa kama hiyo. Mkono wake tu ndio ulioingia, ukachukua taa, ukatoka.

"Adeer, hiyo ni taa ya ngumbaru," nilisema nyuma ya pazia.

"Ilikuwa," akasema. "Sasa ni taa ya taifa. Na wewe, Arbia, unajua kuandika Kiswahili. Jioni uje na kalamu."

Nilifurahi, sitaficha. Si kila siku mtu anateuliwa akiwa amelala.

Nieleze kidogo kuhusu taa hiyo. Griftu wakati huo haikuwa na umeme. Darasa letu la watu wazima, ambalo kila mtu huliita ngumbaru, lilikutana baada ya magharibi katika chumba cha mawe karibu na soko, kwa kuwa wanafunzi wote tulikuwa wanawake, na mchana tuna mbuzi, maziwa ya kuuza na watoto. Serikali ilitupa mwalimu mmoja, Mwalimu Alio, ubao mmoja na karabai moja. Mimi nilikuwa kiranja, basi karabai ililala kwangu. Mwezi wa Novemba nilitakiwa kufanya mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto wa kaptura. Mume wangu Kadar, ambaye ni utingo wa lori la ng'ombe liendalo Nairobi, aliniahidi viatu vya ofisini nikipita, na nilikuwa nimeshachagua rangi. Lakini bila taa, darasa la jioni linaanza jua likizama na linakwisha jua likizama.

Hata hivyo lazima tuelewe uzito wa majukumu ya kamati. Chama kilikuwa na watu wawili waliotaka tiketi ya urais. Wa kwanza ni Profesa, msomi mwenye miwani, aliyeandika kitabu kizima juu ya shida za watu wa sehemu kame. Wa pili ni tajiri mmoja tuliyemwita Mheshimiwa Mabasi, kwa sababu mabasi yake yalifika kila mji wa Kenya wenye lami, yaani hayakufika kwetu. Makao makuu Nairobi yaliomba kila tawi litoe sauti. Swali halikuwa nani anafaa. Swali lilikuwa nani anaweza kuchaguliwa na wengine.

"Kufaa ni jambo la Mungu," alifafanua Issack kwenye kikao cha kwanza, ambacho mwenyekiti alikiita katika chumba chetu cha ngumbaru. Issack ana duka, na dukani ana redio, hivyo alikuwa msemaji wetu wa mambo ya nchi. "Siasa ni kuchagulika. Mtu anaweza kuwa mzuri kabisa na hachaguliki. Mwingine ni mwizi na anachagulika vizuri sana."

"Na sisi Griftu inatuhusu nini?" akauliza Keynan, karani mstaafu wa baraza la mji, ambaye hutembea na kalamu mbili mfukoni ingawa zote mbili zimekauka.

"Wewe hujui sheria. Rais lazima apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Mkoa wetu una wapiga kura wachache. Robo yetu ndiyo rahisi kuliko robo zote Kenya."

"Kwa hiyo sisi ni watu wa bei rahisi?"

"Sisi ni watu muhimu," akasema Issack. "Kwa bei rahisi."

Wajumbe walipiga makofi, nami nikaandika.

Kulikuwa na mambo ya utaratibu ya kusawazisha kwanza. Mikutano ya siasa ilihitaji leseni ya DC, na leseni ilihitaji safari ya Wajir, na Wajir ilihitaji subira. Mwenyekiti akaamua kwamba hatutafanya mikutano. Tutakunywa chai. Ndiyo sababu kumbukumbu zangu zote zimeandikwa Chai ya Kwanza, Chai ya Pili, na kuendelea. Pia aliamuru tuzungumze Kiswahili peke yake, kwa kuwa rais wa Kenya hachaguliwi kwa Kisomali. Kati ya wajumbe tisa, sita wakanyamaza tangu hapo, na kimya chao kikahesabiwa kuwa ni kuunga mkono.

Katika Chai ya Pili tulichambua picha. Kila mgombea alikuwa ametuma picha yake kubwa ya kubandika ukutani. Mwenyekiti alizisogeza karibu na karabai, akakunja uso, akaziangalia kwa muda mrefu kama anavyoangalia ngamia wa watu wa Banissa.

"Hii ni kifua na kichwa tu," akasema mwishowe. "Miguu iko wapi?"

"Picha za siasa ziko hivyo, mwenyekiti," akasema Issack.

"Mimi tangu nianze kazi sijauza mnyama bila kuona akitembea. Nitajuaje kama hachechemei? Na huyu wa pili amefunga mdomo. Kwa nini amefunga mdomo?"

"Ni mtu wa heshima," akasema Keynan, aliyemuunga mkono Mabasi. "Hacheki ovyo."

"Ama anaficha umri. Meno ndiyo yanasema umri. Huyu Profesa angalau anacheka, tunaona meno ya juu. Ya chini hatujaona. Arbia, andika: kamati inaomba meno ya chini."

Niliandika barua. Niliomba kwa niaba ya tawi picha za wagombea wote wawili wakiwa wamesimama, wakitembea, na vinywa wazi. Makao makuu yalijibu haraka kuliko tulivyotarajia. Yalituletea picha zilezile, kubwa zaidi.

"Hawataki tuone miguu," akasema mwenyekiti, na suala likaahirishwa.

Mwisho wa kila chai niliuliza jambo moja. "Adeer, taa itarudi lini?"

"Taa inarudi siku tukiamua, binti yangu. Wewe omba Mungu tuamue."

Basi nikaomba. Naapa hakuna mtu katika Jamhuri yote aliyetaka mgombea wa chama chetu apatikane upesi kama mimi. Kila usiku Profesa alikuwa sawa kwangu na Mabasi alikuwa sawa kwangu, na mtu wa tatu pia angekuwa sawa. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu za desimali, na desimali hazionekani kwa mwanga wa kibatari.

Mwanafunzi mwenzangu Weris, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, ndiye aliyenifungua macho. Kamati ilikuwa imemwagiza alete kibuyu cha maziwa kila jioni, kama mchango wake kwa taifa.

"Hawataamua," akaniambia huku akifunga kibuyu. "Wewe umesoma lakini hujaangalia birika. Sukari inatoka wapi?"

"Watu wa Profesa wanaleta gunia."

"Na majani ya chai?"

"Watu wa Mabasi."

"Sasa wakimchagua Profesa, watakunywa maji matamu. Wakimchagua Mabasi, watakunywa uchungu. Huyo mwenyekiti wako si mjinga, dada. Anataka chai."

Nilisikitika kumsikia akizungumza hivyo juu ya chombo cha chama. Lakini jioni hiyo niliangalia birika, na kusema kweli lilikuwa limejaa usawa wa pande zote mbili.

Ilipofika Chai ya Tisa hata wale sita wa kimya walianza kupiga miayo. Ndipo mwenyekiti akatangaza kura ya siri. Kila mtu sokoni kwetu anajua siri ni nini. Bei ya ngamia haitamkwi mbele za watu. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema, huku walio kando wakiona shuka tu likicheza. Mzee Dubow amefanya biashara hivyo tangu mimi sijazaliwa, na hakuna mkono unaoheshimiwa kama wake kuanzia Griftu hadi Garissa.

"Kidole kimoja ni Profesa," akasema akitandaza shuka juu ya goti. "Viwili ni Mabasi. Unanibonyeza, nahesabu kichwani, kwisha."

Keynan alikuwa wa kwanza. Aliingiza mkono. Shuka likacheza. Nilidhani amemaliza, lakini likacheza tena. Keynan akatikisa kichwa. Mwenyekiti akaangalia dari kama mtu asiye na haraka ya kurudi nyumbani. Shuka likacheza mara nyingine, Keynan akashusha pumzi, wakapeana mikono wazi, na Keynan akasema, "Allah akubariki nayo."

Wa pili ikawa hivyohivyo, na wa tatu. Wote ni watu wa mifugo, na mkono wa mtu wa mifugo ukiingia chini ya shuka haujui kazi nyingine. Keynan alikuwa amebonyeza viwili. Mkono wa mwenyekiti, kwa mazoea, ukajibu kimoja. Mkono wa Keynan, kwa mazoea, ukakataa. Wakasogezeana wakakutana kwenye kimoja na nusu. Issack alianza na kimoja akapandishwa hadi kimoja na nusu. Wale sita waliokuwa kimya walithibitisha kwamba chini ya shuka wanasema sana, na wao pia wakamalizikia hapohapo.

Katikati ya shughuli hiyo Idman, ambaye huja nami kwa kuwa sina pa kumwacha, alikuwa ameketi karibu na goti la mwenyekiti akila tende. Aliona watu wazima wakicheza mchezo mzuri bila kumwita. Akaingiza mkono.

Mwenyekiti akashtuka kidogo. "Huyu anasema tano," akanong'ona. Shuka likacheza. "Punguza." Likacheza tena. "Nimekupa mbili. Nimekupa tatu." Jasho likamtoka. "Nani huyu asiyeshuka?"

Akafunua shuka. Idman alikuwa amemshika vidole vyote vitano, mkono wake unanata kwa tende, na alikuwa haachi.

"Kura hii haijui biashara," akasema mwenyekiti, akajifuta kwa shuka.

Kisha akasimama kutangaza matokeo. Kwa sauti moja, bila mtu kupinga, wajumbe wote tisa walikuwa wamempigia kura mgombea aliye katikati ya Profesa na Mabasi. Kamati iliridhika sana na mgombea huyu. Ana usomi kiasi, ana mali kiasi, na hakuna anayeweza kusema vibaya juu yake. Tatizo pekee ni kwamba hakuna aliyejua jina lake. Ikaamuliwa tukutane tena kulitafuta. Sukari ilikuwepo.

Nilirudi nyumbani bila taa. Idman alilala mgongoni kwangu, mkono wake ukiwa bado unanata.

Hapa niseme jambo lililokuwa likiendelea nje ya kamati, ingawa kiofisi halikuwa na umuhimu. Karani wa kuandikisha wapiga kura alikuwa amepiga hema lake karibu na ofisi ya DO. Angekaa mwezi mmoja kisha aondoke. Nililisoma tangazo lake kwa sauti mbele ya wanawake wa ngumbaru, ambao sasa tulikutana jioni kwenye ukuta wa nje wa darasa letu wenyewe, tukisikiliza chai ikimiminwa ndani.

Mwalimu Alio alifikiri kidogo. Ni mtu mpole, huvaa koti hata kwenye joto.

"Kule hemani kuna kivuli na mchana kuna mwanga," akasema. "Na pale mtu anaandika jina lake kwenye karatasi ya serikali. Mnaonaje, tupeleke darasa huko?"

Ndivyo foleni ya kuandikisha kura ilivyogeuka darasa. Tulisoma tukiwa tumesimama. Kila mwanamke alibeba kitambulisho chake na ile kadi yake ya uchunguzi wa uraia, kwa sababu sisi watu wa upande huu tuna kadi mbili za kuthibitisha kwamba tupo, wakati Wakenya wengine huaminiwa kwa moja. Karani alikuwa ameandaa wino wa kidole gumba.

"Weka kidole hapa, mama," akamwambia Weris.

"Leta kalamu," akasema Weris.

Alichukua muda. Alipofika kwenye herufi ya S aliigeuza kwanza upande mbaya, akaikata, akaandika nyingine juu yake. Kisha akairudisha kalamu taratibu, kama mtu anayerudisha kitoto kichanga kwa mamaye. Tulipofika sokoni aliniuliza kama jina likishaandikwa Nairobi linaweza kufutika. Nikamwambia sidhani.

Kwa uaminifu wa kazi yangu nililipeleka suala la kuandikishwa mbele ya kamati, katika Chai ya Kumi na Moja.

"Wajumbe waheshimiwa, hema litafungwa. Hamtaki kuchukua kadi za kura?"

Kulitokea mjadala mzuri. Keynan alisema kwamba mjumbe hawezi kupanga foleni nyuma ya muuza maziwa. Issack alisema mtu akijiandikisha sasa hivi watu watafikiri ameshaamua upande. Mwenyekiti akafunga.

"Binti yangu, kuna wapiga kura na kuna wachambuzi. Kazi ya mpiga kura ni kupiga. Kazi yetu ni kujua atapiga wapi. Ukivichanganya hivyo vitu viwili unaharibu kazi. Huyo karani aje hapa na daftari lake, anywe chai, atuandike tukiwa tumekaa."

Karani alialikwa. Akajibu kwamba hema halitembei. Mwenyekiti akasema naye hatembei. Hema likakunjwa mwezi ulipokwisha, likapakiwa kwenye pikapu, likaenda zake Wajir, na kamati ikaendelea na Chai ya Kumi na Tano.

Sasa nije kwenye siku ya mjumbe.

Makao makuu yalichoka kusubiri jina la mgombea wa katikati, yakatuma mjumbe kuja kuchukua sauti ya tawi. Alikuwa kijana wa Nairobi mwenye tai na vumbi. Gari lake lilikwama mchangani, hivyo alifika jua likiwa limeshazama. Wajumbe tisa walikuwa wamejipanga chumbani mapema: kanzu zimepigwa pasi, kofia mpya, ndevu za mwenyekiti zimetiwa hina, picha za wagombea ukutani bila miguu. Karabai ilivuma juu ya meza. Sisi wanawake tulikuwa nje ukutani kwetu tukiwa na madaftari, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu na Jumatatu ni hesabu. Mimi nilisimama mlangoni, mguu mmoja kwenye kamati na mwingine kwenye desimali.

Ni lazima pia nitoe siri ndogo ya chama. Mwenyekiti alikuwa na matumaini yake mwenyewe. Alitaka udiwani. Katika chai kadhaa alikuwa ametudokeza kwamba yeyote atakayepewa sauti ya Griftu hatasahau aliyempa.

"Karibu, mheshimiwa mjumbe," akasema. "Kamati hii imechambua mpaka imechoka. Uliza chochote."

"Asante, mzee. Sitawachelewesha. Naomba kadi tu."

"Kadi ya nini?"

"Ya kura. Sheria mpya ya chama, anayetoa sauti lazima awe ameandikishwa."

Niliwahi kusikia kimya kingi katika kamati hiyo, lakini hiki kilikuwa cha aina nyingine. Hakikuunga mkono kitu chochote.

"Sisi," akasema mwenyekiti taratibu, "ni wachambuzi."

"Ndiyo, mzee. Lakini kadi mnazo?"

Keynan alipapasa mfuko, akatoa kalamu zake mbili. Issack alisema redio haikueleza vizuri. Wale sita walitazama viatu.

"Hakuna hata mmoja?" akauliza mjumbe. Alikuwa na sauti ya mtu anayeona njia ndefu ya kurudi Nairobi mikono mitupu. "Griftu nzima hakuna mtu mwenye kadi?"

"Tupo," akasema Weris kutoka nje, bila kuinuka.

Mjumbe akageuka. "Wangapi?"

"Njoo utuhesabu. Lakini njoo na taa, huku kuna giza."

Mjumbe akaangalia meza, akaangalia mlango. Aliomba radhi, akashika karabai kwa mkono wake, akatoka nayo. Mwanga ulipita juu ya picha za ukutani, juu ya kofia mpya, ukavuka kizingiti, ukatua kwetu. Wanawake walitoa kadi kutoka kwenye mafundo ya shuka, vifuani, ndani ya madaftari. Weris aliielekeza yake kwenye mwanga ili jina lionekane vizuri.

"Haya, akina mama," akasema mjumbe akichuchumaa. "Swali ni moja. Kati ya Profesa na Mheshimiwa Mabasi, mnaona nani anachagulika?"

Wanawake wakatazamana.

"Unatuuliza tutamchagua nani," akasema Weris, "ama unatuuliza watu wengine watamchagua nani?"

"Ya pili."

"Hao wengine kawaulize kwao. Hapa tuko sisi."

Mjumbe akakuna kichwa. "Basi ya kwanza."

"Nani kati yao anajua Griftu iko wapi?"

Kijana huyo alikuwa mkweli, nampa hongera. "Profesa ameandika juu ya huku. Lakini aliandika akiwa maktaba. Mheshimiwa Mabasi," akasita, "aliniuliza kama Griftu ni tairi za aina mpya."

Kulikuwa na kicheko, kisha mashauri. Hayakuchukua muda. Hakukuwa na sukari wala majani, hivyo hakukuwa na sababu ya kuyarefusha. Mwalimu Alio alikaa mbali akisema yeye ni mtumishi wa serikali na hasikii kitu. Mikono ikainuliwa, nami nikahesabu. Sitasema nani alipata, maana kura ni siri, hata inayopigwa mbele ya kuku wa majirani. Ninachoweza kusema ni kwamba alipatikana mmoja, mwenye jina.

"Na mna hakika," akauliza mjumbe, ambaye alikuwa amefundishwa vizuri, "kwamba huyu anachagulika?"

"Tumeshamchagua," akasema Weris. "Sasa anachagulika."

Mjumbe akaandika. Kutoka ndani ya giza la darasa, mwenyekiti akakohoa.

"Mheshimiwa mjumbe. Kuna lile jambo dogo la kiti cha udiwani."

"Mzee, mgombea pia lazima awe mpiga kura. Sheria ya nchi hiyo, si ya chama."

"Mimi ni mwenyekiti wa tawi. Griftu yote inanijua."

"Najua, mzee wangu. Lakini kwa daftari la kura," na hapa kijana alitafuta neno laini akalikosa, "wewe hupo."

Nilimhurumia adeer, kweli. Ana kadi zile mbili za kuthibitisha kwamba yupo, na bado akaambiwa hayupo. Mjumbe aliingia kwenye gari, wanaume wachache waliokuwa wakipita wakalisukuma, likaondoka. Karabai ilibaki mchangani mbele yangu. Niliipiga pampu kidogo, ikavuma vizuri. Mwalimu Alio akatoa chaki. Nilikaa, nikampakata Idman, nikafungua daftari kwenye desimali, mahali pale pale nilipokuwa nimekunja ukurasa mwezi wa Mei.

Ndani, hakuna aliyekuwa ametoka. Tulisikia kiti kikisogezwa, birika likigusa kikombe, na maji yakimiminika mahali pasipo kikombe. Kisha sauti ya mwenyekiti, nzito na tulivu, sauti ya mtu ambaye hajashuka bei.

"Kikao kinaendelea. Arbia, andika: kamati imepokea matokeo na inayachambua. Kwanza tutafute nani ameketi wapi. Keynan, huo ni mguu wangu. Arbia? Mwandishi wetu yuko wapi?"

Nilikuwa na kalamu mkononi, lakini ilikuwa juu ya hesabu. Idman aliinuka mapajani mwangu, akaenda hadi kizingitini, akachungulia ndani ya giza akiwatafuta wazee wale kwa macho.

"Awoowe," akasema, "taa iko huku."